Kaushio la Jua na Usalama wa Mahindi

Kaushio la jua ni kasha la mbao lililofunikwa kwa nailoni angavu, lenye matundu ya kuingiza hewa chini na ya kutoa unyevu juu. Ni la gharama nafuu, nalo huyakinga mahindi dhidi ya mvua, vumbi na mifugo. Hata hivyo, tunamkumbusha mtumiaji kwamba punje kavu kwa nje huweza kuwa na unyevu ndani. Unyevu huo huotesha ukungu uletao sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwanza, ondoa punje zilizooza, kwani kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kabla ya kuhifadhi, tia punje na vijiko vichache vya chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo. Ifunge, itikise kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu unazidi asilimia 15. Yarudishe mahindi kaushioni. Kwa hifadhi ya miezi mingi, tunashauri unyevu usizidi asilimia 13, uthibitishwe kwa kipima unyevu.