Mtoto hataki kula? Anza na chai

Jua la saa saba mchana hapa Ishiara humwondolea hamu ya chakula hata mtu mzima. Kwa hiyo mzazi akinijia na kilio kwamba mtoto wake hali, simuulizi amepika nini. Namuuliza: umempa saa ngapi, na kabla ya hapo alikuwa amekula nini?

Nimefundisha chekechea, nikastaafu, na sasa nalea wajukuu ambao wazazi wao wako kazini Nairobi. Jibu ninalopewa halibadiliki sana. Chai asubuhi, biskuti za dukani, kipande cha mkate, chai tena saa nne. Tumbo la mtoto wa miaka miwili ni dogo. Kikombe cha chai ya maziwa na sukari kinalijaza kabla sufuria haijainjikwa. Zaidi ya hayo, chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata kwenye ndengu na kunde. Kwangu mtoto mdogo hanywi chai. Kuna majirani wanaosema ni uchoyo. Waseme.

Ukishaondoa chai, panga saa. Mimi nawalisha chakula kizito nyakati za baridi. Asubuhi jua halijapanda ni uji wa mtama au wimbi, wenye maziwa ya mbuzi au karanga zilizosagwa. Uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki. Ule mwepesi unajaza tumbo kwa maji tu. Mchana, papai au embe zikiwa za msimu, na wali au viazi kidogo kwa anayetaka. Mlo mkuu ni saa kumi na mbili jioni. Nyumba nyingi hupakua taarifa ya saa tatu usiku ikisomwa, na hapo mtoto keshachoka, analia usingizi, sisi tunasema amekataa chakula.

Kuna jambo linalowatisha kina mama bure. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu hufika karibu tisa akitimiza mwaka, lakini mwaka wa pili huongeza kilo mbili au tatu tu. Kasi ya kukua imeshuka, na hamu ya kula inashuka nayo. Yule aliyekuwa akinyakua kijiko akiwa na miezi minane sasa anageuza uso, na hana ugonjwa wowote.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hivi: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue kama atakula, na kiasi gani. Ukimweleza nyanya wa Kimbeere maneno hayo ataguna: mtoto aamue! Lakini jaribu. Mpe sahani yake mwenyewe, maana kwenye sinia la pamoja hutajua amekula nini. Mpakulie vijiko viwili vitatu, akimaliza umwongeze. Simu ya katuni ikae mbali. Kaa naye, ule naye. Nusu saa ikipita, ondoa sahani bila kumkaripia, wala usimletee mkate wa kumbembeleza. Atakula saa ya chakula kinachofuata. Na chakula kigeni, kama mboga ya kunde yenye uchungu kidogo, weka kidogo kando ya anachokipenda. Huenda akahitaji kukionja mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukikubali.

Usimbane pua ili ameze uji kwa nguvu. Nimeona ikifanywa, na mtoto anayelia huku akimiminiwa uji anaweza kuuvutia kwenye mapafu. Akipona hilo, bado atakiogopa kikombe kila akikiona.

Kuna watoto ambao tabia si tatizo lao. Anayekohoa au kupaliwa kila anapomeza, anayepungua uzito, aliyevimba miguu yote miwili, hao wapelekwe hospitali; usikae ukihesabu vijiko. Mhudumu wa afya ya jamii ana utepe wa kupima mkono kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano: chini ya sentimita 12.5 ni hatari, chini ya 11.5 usingoje kesho. Kumbuka pia vitamini A kila baada ya miezi sita kuanzia mwezi wa sita, na dawa ya minyoo akishatimiza mwaka, kwa sababu minyoo nayo hukata hamu. Na mtoto aliyetoka kwenye malaria, hamu ikirudi, mwongeze mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi.

Kazi ngumu kuliko zote ni wageni. Wanangu wakija Desemba na mifuko ya biskuti na soda, naipokea mlangoni na kuifungia kabatini. Baba wa wajukuu akilalamika kwamba ni zawadi za watoto, namwambia watazipata baada ya chakula, na yeye pia anawe mikono aje mezani.