Mtoto Aliyechelewa Kulia

Katika delta ya Mto Rufiji saa ya kuzaa haimtegemei mama peke yake. Bahari nayo ina neno lake. Vijiji vya huko vimezungukwa na mikoko, na maji yakipwa mtumbwi hukwama matopeni. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hana budi kungoja maji yajae, avushwe hadi Nyamisati, ndipo atafutiwe gari la kumfikisha Kibiti. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na hata wenye barabara wakajua maana ya kungoja chombo.

Twazitaja saa hizo kwa kuwa mara nyingi ndizo ziamuazo maisha ya mtoto. Uchungu ukizidi kiasi, au kamba ya kitovu ikibanwa, damu imletealo mtoto hewa ya oksijeni hupungua, na ubongo hauvumilii kuikosa. Mtoto huzaliwa amelegea, halii, wala hapumui. Hapo mkunga ana kama dakika moja tu: kumkausha, kumsugua mgongoni, na asipopumua, kumpulizia hewa kwa kifuko kilichowekwa kwa kazi hiyo. Katika hospitali 8 za nchi yetu mafunzo haya, yaliyoanza mwaka 2009, yalipunguza vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza kwa karibu nusu. Kumning'iniza mtoto kichwa chini na kumpiga makofi, au kummwagia maji ya baridi, ni kumpotezea dakika yake.

Katika nyumba ya Wakatoliki, mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda litendalo Kanisa aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Lakini mkono wa mkunga usizuiwe kwa ajili hiyo.

Wengi wa watoto hao hukua sawasawa na wenzao. Wengine hubaki na madhara. Miezi 4 yapita, shingo haijakaza. Miezi 9, hakai bila kuegemezwa. Mwaka na nusu, hajatembea. Pengine viungo hukakamaa, kunyonya ni taabu, degedege hurudi tena na tena. Ndio huo uitwao utindio wa ubongo. Si kuzaa kwa shida tu kuuletako: manjano makali yasiyotibiwa, kuzaliwa kabla ya wakati, na malaria iliyopanda kichwani vyaweza kuleta yayo hayo.

Majirani wana maelezo mengine. Ni zongo, au ndege wa usiku amempitia, au mama alitoka nje ya ndoa. Neno hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana wako wanaume walishikao kuwa kisingizio cha kuondoka. Mume huyo na ajiulize: siku ile ya uchungu, nauli ya mtumbwi ilikuwa mfukoni mwa nani?

Akiba hiyo yafaa iwekwe tangu mimba ingali changa. Mama wa visiwani, hasa mwenye mimba ya kwanza au aliyekwisha kupasuliwa, ahamie karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zake. Dharura ikitokea, usafiri huombwa kwa simu namba 115 bila malipo.

Na mtoto aliyekwisha kuchelewa asiachwe kwa kusema labda atabadilika. Mazoezi ya viungo, kulishwa akiwa ameketi wima, na dawa za degedege humfaa zaidi vikianza mapema. Haviuponyi ubongo ulioumia, lakini vyaweza kumpa shingo iliyokaza na mkono ushikao kijiko. Hospitali ya wilaya yaweza kuandika barua ya kumpeleka mbele, kwa mfano CCBRT, Dar es Salaam. Ampelekaye amweleze mganga uchungu ulianza saa ngapi, mtoto alilia baada ya muda gani, na alikaa siku ngapi bila kunyonya. Kadi ya kliniki huenda isiwe na habari hizo.