Kinyota katika Orodha ya Vyakula: Onyo Humfikia Nani?

Anayekula mkahawani nchini Marekani hukuta, chini kabisa ya orodha ya vyakula, maandishi madogo yanayoanza kwa alama ya kinyota. Humwarifu kwamba kula nyama, kuku, samaki, chaza au mayai yakiwa mabichi au hayajaiva vizuri kwaweza kuongeza hatari ya kuugua, hususan kwa wenye maradhi fulani. Kinyota hichohicho huwekwa kando ya kila chakula kinachohusika. Utaratibu huo umo katika Kanuni za Chakula za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA), nao una sehemu mbili: kukitaja chakula kilicho kibichi, na kuikumbusha hatari yake.

Hatari hiyo haifanani kwa kila chakula. Katika pande la nyama ya ng'ombe, bakteria kwa kawaida hukaa juu, hivyo moto wa nje huwaua hata kama ndani kumebaki kwekundu. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu huchanganywa na cha ndani. Ndiyo maana nyama ya kusaga huhitaji kupikwa hadi nyuzi 71 za Selsiasi katikati, na kuku nyuzi 74. Mwaka 1993, nyama ya kusaga isiyoiva iliyouzwa katika mikahawa ya magharibi mwa Marekani ilieneza bakteria aina ya Escherichia coli O157:H7. Watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafariki. Sumu ya bakteria hao huweza kuharibu figo, na watoto wadogo ndio huathirika zaidi. Kwa sababu hiyo kanuni hazitosheki na onyo panapohusika mtoto: chakula cha nyama ya kusaga isiyoiva hakiruhusiwi katika orodha ya vyakula vya watoto.

Je, kwa mtu mzima onyo latosha? Kisa cha chaza kinatupa jibu. Katika maji ya bahari yenye joto huishi bakteria aitwaye Vibrio vulnificus. Mtu mwenye afya akimmeza huenda akaharisha tu, au asipate lolote. Mwenye ugonjwa wa ini aweza kupata maambukizi ya damu, na takribani nusu ya wanaofikia hali hiyo hufariki. Mwaka 1991 jimbo la California lililazimisha wauzaji wa chaza wabichi kutoka Ghuba ya Mexico kuwaonya wateja kwa maandishi. Maonyo yakawekwa, wagonjwa wakaendelea kupatikana. Mwaka 2003 jimbo hilo likapiga marufuku chaza wabichi wa Ghuba wanaovunwa kati ya Aprili na Oktoba, isipokuwa waliokwisha kushughulikiwa ili kuwaua bakteria hao. Baada ya hapo wagonjwa na vifo vilipungua mno.

Kwa maoni yangu, udhaifu wa onyo hauko katika udogo wa herufi. Onyo husema "ikiwa una ugonjwa wa ini", ilhali ugonjwa wa ini huweza kukaa miaka mingi bila dalili. Katika Afrika Mashariki wako wengi wanaoishi na virusi vya homa ya ini aina ya B pasipo kujua. Mtu wa namna hiyo, awe safarini ughaibuni au katika hoteli ya kitalii ya pwani yetu, atalisoma onyo na kuamini kwamba linamhusu mwingine.

Hapo ndipo kazi yetu wahudumu wa afya inapoanzia. Tunapompa mgonjwa majibu ya ini, tunapomwanzishia dawa za kushusha kinga baada ya kupandikizwa figo, tunapomhudumia mwenye VVU, kisukari au saratani, au mama mjamzito, tumtajie vyakula kwa majina yake: chaza wabichi, samaki wabichi, nyama ya kusaga yenye wekundu, mayai ambayo kiini bado ni majimaji, na, kwa mazingira yetu hasa, maziwa yasiyochemshwa. Mikahawa yetu mingi haina kinyota. Tumweleze pia kwamba ndimu, pilipili na pombe haviui bakteria katika chaza, na kwamba chaza mwenye bakteria hao hana harufu wala ladha tofauti.

Mgonjwa wa ini aliyekula chaza wabichi akipata homa, kutetemeka au malengelenge kwenye ngozi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, afike hospitali saa hiyohiyo na ataje mambo mawili: ini lake na chaza aliokula. Daktari achukue damu ya kuotesha na aanze doksisaiklini pamoja na seftriaksoni bila kungojea majibu ya maabara.