Kuchagua Programu ya Shahada ya Afya: Somo kwa Waombaji wa Vyuo Vikuu vya Umma na Familia Zao

Kila mwaka, baada ya matokeo ya mtihani wa kidato cha sita kutangazwa, maelfu ya vijana wa Tanzania huanza kujaza maombi ya kujiunga na vyuo vikuu. Kwa wale waliosoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, swali la nyumbani huwa moja: je, atakuwa daktari? Swali hilo huulizwa kwa mapenzi, lakini mara nyingi huulizwa peke yake. Uamuzi unaofanywa katika siku chache humpeleka mwombaji katika masomo ya miaka kadhaa na kazi ya maisha yake yote, na matokeo yake humfikia mgonjwa ambaye hakushirikishwa. Somo hili linaeleza mambo ambayo mwombaji na familia yake hawana budi kuyapima kabla ya kuandika jina la programu katika fomu.

Kiwango cha chini na ushindani

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha sifa za chini za kuingia katika kila programu. Wengi huusoma mwongozo huo kana kwamba ni ahadi. Sivyo. Sifa ya chini humpa mtu haki ya kuomba. Nafasi hupatikana kwa ushindani baina ya wote waliotimiza sifa hiyo.

Katika hesabu ya udahili, alama A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Chukua mfano wa mwombaji mwenye B katika Kemia, B katika Baiolojia na D katika Fizikia. Jumla yake ni pointi 10 kati ya 15. Huyu amefaulu vizuri. Hata hivyo, akiomba udaktari wa binadamu katika chuo cha umma chenye waombaji wengi, atashindanishwa na wenye pointi 13, 14 na 15, na nafasi zikijaa kabla ya kumfikia atakosa, ingawa hakuna sharti alilolikiuka. Mwombaji huyohuyo anaweza kuwa na nguvu kubwa katika programu nyingine ya afya au katika chuo kingine.

Jambo la pili ni tahasusi. Udaktari wa binadamu, udaktari wa meno na famasi huhitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja. Baadhi ya programu nyingine za afya hukubali somo jingine mahali pa Fizikia, kwa masharti yanayotajwa katika mwongozo wa mwaka husika. Kwa hiyo uchaguzi wa programu huanza tangu mwanafunzi anapochagua tahasusi ya kidato cha tano. Mzazi anayesubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo azungumze na mwanawe amechelewa kwa miaka 2.

Jina la fani na kazi ya kila siku

Heshima ya jina haitoshi kumwamsha mtu usiku wa manane kwa miaka 30. Mwombaji anapaswa kuijua siku ya kazi ya fani anayoiomba. Muuguzi hukaa na mgonjwa kwa muda mrefu kuliko mtumishi mwingine yeyote wodini, na mara nyingi ndiye wa kwanza kutambua kwamba hali inabadilika. Mfamasia hulinda usalama wa dawa na kuhakiki kipimo chake. Mtaalamu wa maabara huonana na mgonjwa kwa muda mfupi, lakini majibu yake ndiyo huongoza matibabu. Ofisa afya mazingira hufanya kazi sokoni, machinjioni na kwenye vyanzo vya maji ili watu wasifike hospitali kabisa. Mfiziotherapia humsindikiza aliyepooza kwa miezi, hatua kwa hatua.

Urefu wa safari nao upimwe. Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali kabla ya kupata usajili kamili. Anayetaka ubingwa huongeza miaka mingine 3 au zaidi. Shahada za uuguzi na famasi huchukua miaka 4, nazo zina kipindi chake cha utarajali. Familia yenye kipato kidogo haina budi kuihesabu miaka hiyo pamoja na ada, malazi na uwezekano wa mkopo.

Kupanga machaguo

Maombi hupelekwa moja kwa moja katika kila chuo, na kwa kawaida mwombaji huorodhesha programu kadhaa kwa kufuata kipaumbele. Hapa kosa la kawaida ni kuweka programu zote zenye ushindani mkali. Anayeandika udaktari wa binadamu, udaktari wa meno na famasi tu, huku pointi zake zikiwa za wastani, hajajiwekea akiba yoyote. Kosa la pili ni kinyume chake: kuandika programu asiyoitaka ili mstari usibaki wazi. Programu hiyo yaweza kuwa ndiyo atakayopangiwa. Uhamisho baadaye hutegemea sifa za mwombaji na nafasi zilizopo, wala haupaswi kuwekwa katika mpango kama jambo la hakika.

Utaratibu unaofaa ni huu: chaguo la kwanza liwe lile analolitamani akiwa na sababu, la pili liwe lile ambalo pointi zake zinalimudu, la tatu liwe lile ambalo, akilipata peke yake, ataripoti chuoni bila kinyongo. Akipata nafasi katika vyuo zaidi ya kimoja, atatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa wakati uliowekwa.

Mtumishi anayejiendeleza

Tabibu, muuguzi au mteknolojia wa maabara mwenye stashahada anaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu. Kwa udaktari wa binadamu, miongozo ya karibuni imekuwa ikimtaka mwenye stashahada ya utabibu awe na wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo kadhaa ya kidato cha nne. Wapo watumishi hodari ambao huzuiwa na alama moja ya kidato cha nne waliyoipuuza. Cheti hicho kikaguliwe mapema, maana mtihani huo unaweza kurudiwa.

Ushauri wa mbali

Vijana wengi husoma mtandaoni ushauri kwamba fani ya kwanza si muhimu kwa kuwa hubadilishwa. Ushauri huo mara nyingi hutoka Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na mwombaji wa chuo kikuu huandika fani anayokusudia tu. Tanzania mwombaji wa kidato cha sita huingia moja kwa moja katika programu ya taaluma. Anayeandika uuguzi atasoma uuguzi.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kuwasilisha fomu, mwombaji aketi na mzazi au mlezi wake na kujibu maswali haya. Je, amezungumza na mtu anayefanya kazi hiyo, na si anayeisifia tu? Je, pointi zake zinashindana, au zimevuka kiwango cha chini tu? Je, akikosa chaguo la kwanza, la tatu atalisoma kwa moyo? Na je, uamuzi huu ni wake?

Swali la mwisho ndilo mgonjwa angeliuliza kama angepewa nafasi. Anayelala kitandani hajui pointi za anayemhudumia wala chaguo lake lilikuwa la ngapi. Anachokijua ni kama aliyesimama mbele yake anaipenda kazi anayoifanya.