Ibada ya Nyumbani Bila Fimbo

*Tunaishi Katoro, Geita. Mume wangu ana duara la dhahabu Nyarugusu, na marehemu baba yake alikuwa mwinjilisti wa AICT huko Shinyanga. Akiwa nyumbani ni lazima ibada ya familia ifanyike saa 3 usiku. Anasoma sura nzima, anahubiri, kisha kila mmoja anaomba. Tunamaliza saa 4 imeshapita. Watoto wanasinzia, na anayesinzia anachapwa. Binti yangu wa miaka 9 ameniuliza kama Mungu naye ana fimbo. Kijana wa miaka 14, ikikaribia saa 3 anakwenda kuchaji simu dukani, harudi mpaka tumemaliza. Baba yao akiwa machimboni naongoza mimi, nao wanacheka tu. Nimechoka. Nikiacha, naogopa nitakuwa nimewanyima Mungu. — Mama wa Wanne*

Mama wa Wanne, ibada usiiache. Cha kuacha ni fimbo, tena iachwe leo, kabla hatujafika kwenye habari ya nyimbo na mistari. Mtoto akichapwa mara tatu nne mbele ya Biblia, basi hata akiiona imefunguliwa kwa jirani moyo unamwenda mbio. Binti yako ameshafika hapo. Swali lake ni zito, na anayepaswa kulijibu ni baba yake, kwa upole, akimtazama usoni.

Mumeo simwoni kuwa mtu mbaya. Mwanamume anayetoka duarani na vumbi kwenye nyusi, bado akataka kuomba na wanawe, anashika kitu alichorithi kwa baba yake na anaogopa kisimponyoke. Kwa hiyo usimpinge mbele ya watoto. Mtafute ameshakula, mkiwa wawili, umwombe msome pamoja Matendo ya Mitume 20. Paulo yuko Troa, amehubiri mpaka usiku wa manane. Kijana Eutiko amekaa dirishani, usingizi unamlemea, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mtume mwenyewe anashuka chini, anamkumbatia. Hakuna neno la kumkaripia. Muulize mumeo angefanya nini kama angekuwa Paulo, kisha unyamaze umwachie nafasi ya kufikiri. Asipokusikia, yupo mzee wa kanisa au mchungaji anayemheshimu. Mpelekee jambo hili bila aibu. Na kama fimbo hizo zinaacha alama mwilini, hapo si suala la ibada tena: nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto.

Sasa muda. Mtoto wa shule ya msingi aliyeamka alfajiri, akachota maji, akatembea kwenda shule na kurudi, saa 3 usiku ameshamaliza siku yake. Fanyeni saa 1 na nusu, mkishakula. Dakika 15 zinatosha. Baba akichelewa, anzeni bila yeye. Akifika ataomba nao asubuhi kabla hawajatoka, hata kwa dakika mbili.

La muda mkilitengeneza mtakuwa mmefika nusu ya safari. Kinachobaki ni kwamba ibada yenu imekuwa ya mtu mmoja. Baba anasoma, baba anahubiri, na watoto kazi yao ni kukaa kimya. Hata watu wazima wachache wanaiweza kazi hiyo kwa saa nzima. Africa Inland Mission, iliyozaa AICT, ilipokipokea kituo cha Nassa, Usukumani, kutoka kwa misheni ya CMS mwaka 1909, Wasukuma walikuwa tayari na shule yao ya jioni: shikome, ule moto wa uani ambapo wazee waliketi na vijana. Pale palikuwa na hadithi, mafumbo na maswali, na mtoto alitakiwa kujibu. Babu wa watoto wako bila shaka aliujua moto huo. Urudisheni. Hata Sheria ya Musa inamtaka mzazi azungumze na mwanawe akiwa ameketi nyumbani na akiwa njiani, na katika Kutoka 12 mtoto ndiye anayeuliza maana ya Pasaka, mzazi anajibu.

Basi gaweni kazi. Mdogo kabisa apewe debe la kupiga wakati wa wimbo, na wimbo wenyewe achague binti yako, uwe wa Tenzi za Rohoni au wa kwaya anayoipenda. Ubeti mmoja au beti mbili, si wimbo mzima. Someni mistari mitano, msimalize sura. Lugha ya Biblia ya zamani ikiwapa taabu, Biblia Habari Njema ni rahisi kwao. Bibi akiwatembelea, mwacheni asimulie kwa Kisukuma, hata kama mdogo ataelewa nusu. Kisha mtu atege. Mathalani mmesoma Yona:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nililala siku tatu kwenye nyumba isiyo na mlango, ikanitema pwani."

Wakishindwa, wampe mji. Ukisikia mtoto anasema "chukua Kahama," na mwenzake anakataa anataka Mwanza, ujue wako macho wote. Watacheka sana. Waache wacheke. Ukiongoza wewe wanacheka kwa sababu kwako hawana hofu, na hofu ikiwa haipo umeshapata mahali pazuri pa kuanzia.

Yona huyo msimwache haraka. Januari 2017, huko huko Nyarugusu, watu 15 walinaswa chini ya mgodi, na baada ya siku tatu wakatolewa wote wakiwa hai. Huyo wa miaka 14 alikuwa mdogo mno kuyakumbuka, lakini baba yake anayajua. Ayasimulie: juu palikuwaje, watu walisubiri vipi, wake zao walikaa wapi. Halafu someni maombi ya Yona tumboni mwa samaki.

Ipo na sura nyingine ambayo, kwa maoni yangu, kila nyumba ya mchimbaji ingeijua: Ayubu 28. Inaeleza wachimbaji wanaotoboa mwamba mbali na makazi ya watu, wananing'inia na kupembea gizani, wanazuia maji yasivuje, wanafichua kilichofichwa. Halafu inauliza hekima inachimbwa wapi. Hapo mumeo hahitaji kuhubiri hata kidogo. Aeleze kamba anashikaje akishuka, matimba yanazuia nini, taa ya kichwani ikizimika anafanya nini, mota ikigoma maji yanafika wapi. Mtoto mmoja atamuuliza kama huwa anaogopa kule chini. Ajibu kweli. Baada ya jibu hilo sala ya watoto itakuja yenyewe, itakuwa fupi, na itakuwa na majina ya watu anaoshuka nao. (Mkifika 1 Petro, kwenye dhahabu inayojaribiwa kwa moto, awaeleze kwa mdomo tu. Zebaki isichomwe nyumbani. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio unaowaumiza zaidi.)

Zipo jioni ambazo haitakaa sawa. Mmoja ana homa, wageni wamekuja, au wote wamechoka. Ombeni sala moja ya kumshukuru Mungu kwa siku, mlale.

Kijana wako nimemweka mwisho kwa sababu yeye hatarudishwa na debe wala kitendawili. Usimfuate dukani. Msimseme kila jioni. Mwambieni Jumamosi ni yake: achague sehemu ya kusoma, na aulize swali lolote, bila mtu kumwambia swali hilo halifai. Jiandaeni kwa swali la ndagu, ule uchawi wa kutafutia mali. Mvulana wa umri wake Katoro anasikia kila siku vijiweni kwamba fulani amepata dhahabu kwa sababu alikwenda kwa mganga, na kwamba baba wa fulani hapati kwa kuwa amekataa kwenda. Ibada inayotaja Wahivi na Wayebusi, halafu ikanyamaza juu ya ndagu, yeye anaiona haimhusu. Mumeo amechimba miaka mingi. Ameona maduara yakitoa na maduara yakikauka, na bila shaka ameshashauriwa na wenzake aende kwa mganga. Amweleze mwanawe alijibu nini siku hiyo, na kwa nini. Kama alishawahi kutetereka, aseme na hilo. Mwambie mumeo aanze na mazungumzo hayo hata kabla ya Jumamosi, wakiwa wawili njiani, bila Biblia mkononi.