Dondoo Muhimu: Barua Pepe ya Tapeli Usiijibu

Kinga ya kwanza dhidi ya matapeli wa barua pepe ni kunyamaza. Tapeli hutuma ujumbe uleule kwa watu wengi bila kujua nani atanasa; anayejibu, hata kwa matusi, anamthibitishia kwamba anwani ina mtu. Kuanzia Uvira hadi kambi ya wakimbizi ya Lusenda, mashariki mwa Kongo, ahadi ya safari ni chambo chepesi: bahati nasibu ya viza za Marekani, au wakimbizi kuhamishiwa nchi ya tatu. Vyote viwili vimekuwapo kweli, na hapo ndipo uongo unapopata nguo za kuvaa. Lakini Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani haimtangazii mtu ushindi kwa barua pepe. Mshiriki hujitazamia matokeo kwenye dvprogram.state.gov kwa namba yake ya uthibitisho. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nalo halitozi hata faranga moja kwa usajili wala uhamisho.

Je, ukikaa kimya hutapoteza nafasi ya kweli? Nafasi ya kweli haiharibiwi na kuhakikisha. Haraka ni ya tapeli, anayejua kwamba ukiuliza utagundua. Basi fika mwenyewe kwenye ofisi inayohusika, au andika anwani ya tovuti kwa mkono wako badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money usimpe yeyote. Ukiwa umeshatuma pesa, ipigie kampuni yako ya simu mara moja, tunza ujumbe wote kama ushahidi, wala usitume nyingine za "kukomboa" zile za kwanza: zitafuata njia ileile.