MKULIMA NA MBEGU NGENI: SOMO LA MUHOGO

Mkulima wa shamba dogo husemwa mara nyingi kuwa ni mgumu wa kupokea mambo mapya. Maneno hayo si ya haki. Mwenye ekari mbili au tatu huko Bodo, katika sehemu za Msambweni, huweka hatarini chakula cha nyumba yake kila apandapo mbegu asiyoijua. Mwenye shamba kubwa akikosea hupoteza fedha. Yeye akikosea, watoto hulala na njaa. Kwa hiyo hutaka kuona kwanza, na kuona huko ndiko kusoma kwake. Yafaa kuchungua jinsi asomavyo, na mahali ambapo macho yaweza kumdanganya.

Muhogo ni mfano mwema. Mara nyingi pingili zake hazinunuliwi dukani kama mbegu ya mahindi. Hukatwa kwa jirani. Shangazi humpa mpwawe, na mpwa humpa shemejiye. Apewaye amekwisha kuuona muhogo ule shambani na kuuonja chunguni. Ndivyo muhogo uitwao Kibandameno ulivyoenea pwani, ukapendwa kwa utamu wake.

Lakini njia ipitishayo chakula hupitisha na maradhi. Mwaka 1936, H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanganyika, aliandika habari za ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo huletwa na virusi, ambavyo huchukuliwa na nzi weupe wadogo na pia na pingili za mti mgonjwa. Ubaya wake ni kwamba hujificha. Majani ya chini huweza kupata manjano kidogo kando ya mishipa, na shina changa likapata michirizi, hali mti wenyewe umesitawi. Mkulima huutazama akafurahi. Siku ya kung'oa hukata muhogo, akaukuta ndani umekauka na kuoza, haufai kwa kuchemsha wala kwa unga. Tena kadiri ukaavyo ardhini ndivyo uozavyo. Nao muhogo ndio akiba ambayo watu huiacha ardhini kuingojea siku ya shida.

Wataalamu wa Amani walifanya kazi ya kutafuta dawa ya jambo hili tangu miaka ya 1930 hadi 1957. Waliuchanganya muhogo na mti wa mpira ulio jamaa yake, wakapata miche iliyostahimili. Mmojawapo ulipewa namba 46106/27. Wakulima hawakuishika namba hiyo. Pwani ya Kenya kuna muhogo uitwao Kaleso, na Tanzania kuna uitwao Namikonga. Wataalamu wa siku hizi walipopima nasaba yao waliona kwamba ni wa asili moja, nao huhesabiwa kuwa wametokana na kazi ile ya Amani. Kituo kilifungua njia, na wakulima wakaihifadhi mbegu kwa mikono yao, kwa sababu mizizi yake huoza kwa nadra hata palipo na ugonjwa.

Kituo cha Mtwapa nacho kimetoa mbegu kama Karembo, Tajirika na Shibe. Mkulima huuliza: Je, ni tamu? Hukomaa lini? Pingili za mwaka ujao zitapatikana wapi? Bwana shamba ajibuye habari za uzito peke yake amejibu nusu ya swali.

Atakaye kujaribu mbegu ngeni na afuate mambo haya:

1. Achague kipande kimoja chenye udongo wa namna moja, akigawe nusu kwa nusu. Apande mbegu ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, siku moja na kwa nafasi sawa.

2. Kabla ya kukata pingili kwa mtu yeyote, atazame majani ya chini na shina, kisha aombe kung'oa na kupasua mizizi ya mti ule ule.

3. Mti uonyeshao dalili aung'oe mapema, wala asitoe pingili zake.

4. Avune miti michache baada ya miezi tisa, na mingine baada ya kumi na miwili, mbele ya majirani. Wapishi nao wapike na kuonja pande zote mbili.

Hii ndiyo njia ya shamba darasa, iliyoanza Indonesia mwaka 1989 katika mashamba ya mpunga, ikafika Kenya katika miaka ya 1990. Haimtaki mkulima aache desturi yake ya kuona kabla ya kusadiki. Humfundisha kuangalia mahali panapostahili, yaani chini ya udongo. Maana akataye pingili bila kuupasua muhogo wake hajui anachompa jirani, kama ni chakula au ni njaa.